Kitasa cha Upande Mmoja

Mlango ulipojibana nyuma yangu sikuhitaji kugeuka kutazama. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya dirisha la kioo, nabandika mpira mpya wa kuzuia vumbi, na mlio ule niliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mwenzake wa nyumbani. Mlango wenyewe nilikuwa nimeutengeneza mimi, nikautundika na kuupaka rangi.

Matone, aliyekuja kuweka vipimo vya akiba, alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika sinia lake kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "mlango umejifunga."

"Haujajifunga. Umefungwa."

"Basi fungua."

"Hauna kitasa."

Akautazama. Ulikuwa mweupe na mtupu kama kiganja. "Kitasa kiko wapi?"

"Nje."

"Na cha ndani?"

"Cha ndani wakubwa walikikataa."

Akaweka sinia juu ya meza taratibu, asije akamwaga kitu, halafu akanitupia jicho lile lake la pembeni, lile ambalo kwa muda mrefu lilikuwa linaninyima usingizi.

"Yaani mlango huu umeutengeneza wewe?"

"Kwa mikono hii."

"Ukajifungia mwenyewe."

"Nilidhani namfungia mtu mwingine."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha chinichini, kama mtu anayejizuia msibani. Mimi nikarudi kwenye mpira wangu haraka, maana uso ulikuwa umeanza kunisaliti.

Chumba chenyewe, humo karakanani kwetu tunakotengeneza chipu za kupimia homa, kiliitwa chumba cha kutengea. Kilijengwa ili mfanyakazi akishikwa na homa awekwe humo asiambukize wenzake. Siku naupima mlango nilimuuliza Mkurugenzi, je, mgonjwa akitaka kutoka? Akanijibu mgonjwa hatakiwi kutaka. Nikanyamaza, nikatoboa tundu la kitasa upande mmoja. Wakubwa huchora milango wakiwa wamesimama upande wenye kitasa.

Simu ya ukutani ikalia, Matone akaiinua, tukasikiliza wote. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa upande wa pili wa kioo, barakoa imefunika uso hadi chini ya macho.

"Msiogope," sauti yake ikasema, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Binti mmoja wa chumba cha kumimina plastiki ameanguka. Tumempima, ana ile homa. Kila mtu anabaki alipo mpaka apimwe. Mna chipu humo?"

"Ninazo," Matone akajibu. "Lakini Mkurugenzi, leo nina ruhusa ya kutoka mapema. Kaka yangu ananingoja uani."

"Atangoja."

Simu ikakatwa. Matone akabaki ameishika sikioni kama inayoongea bado.

Nilijua kaka anangoja nini. Karakana nzima ilijua. Jioni ile wazee wa bwana mmoja afisa, rafiki wa kaka yake, walikuwa wanakuja nyumbani kuchukua jibu la posa. Jibu lilikuwa la Matone kulitoa, lakini kaka mtu alishalitoa moyoni mwake zamani, bado kulitamka tu.

"Tujipime basi," Matone akasema. "Lete kidole."

Kama hujaiona chipu yenyewe, ni kipande cha plastiki angavu, ukubwa wa dhumna. Ndani yake mna vijia vyembamba kuliko unywele. Unadondosha tone la damu mlangoni mwa kijia, nalo linatambaa lenyewe, halisukumwi na mtu wala mashine. Linapita penye dawa iliyokaushwa humo, na mwishoni mistari inajiandika. Mstari wa juu wanauita shahidi. Shahidi akijitokeza peke yake, wewe ni mzima. Mstari wa pili ukijiandika chini yake, una homa. Shahidi asipoonekana kabisa, jibu ni batili, hata kama umependezwa nalo. Kazi ya Matone ilikuwa kudondosha ile dawa kijia kwa kijia kabla chipu haijafunikwa. Jina lilimwingia hukohuko.

Akanishika kidole. Nilikuwa nimeshikwa na misumari, na mbao, na nyundo, lakini kushikwa namna ile nilikuwa nimesahau.

"Mbona mkono unatetemeka?"

"Naogopa sindano."

"Fundi wa misumari anaogopa sindano!"

"Msumari naupiga mimi. Haunipigi."

Akanichoma, akakamua, tone likaingia. Kisha akajichoma mwenyewe, la kwake likaingia chipu ya pili. Tukaketi kila mmoja upande wake wa meza, macho kwenye vile vipande viwili kama wazazi wanaongoja matokeo ya shule.

Langu lilitambaa vizuri. Shahidi akajitokeza, chini yake pakabaki peupe. La kwake lilifika nusu ya njia, likasimama.

"Mkwe," akasema Matone, akasonya.

Mkwe ni povu. Ni kale kaputo kadogo ka hewa kanakobaki ndani ya kijia. Wasichana wa karakana walikaita hivyo kwa sababu kakishaingia njiani hakuna anayepita tena. Kila mtu anasimama kwa heshima, macho chini, mambo yote yamelala. Mara ya kwanza kuwasikia wakisema "leo nimetupa chipu nzima kwa sababu ya mkwe" nilicheka mpaka nikaangusha randa. Halafu nikarudi nyumbani kwangu, nikamkuta mkwe wangu amenipakulia chakula, na kicheko kikaniishia mlangoni.

Maana mimi naishi na mama wa marehemu mke wangu. Alikuja kwenye msiba hakuondoka. Nguo za bintiye ziko kabatini vilevile, kila wiki anazitoa, anazipiga pasi, anazirudisha. Ananiita mwanangu. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu mwanamke mwingine?

Matone akainua chipu yake kwenye kioo. Mkurugenzi akachungulia, akatikisa kichwa, simu ikalia. "Batili. Rudia."

Akachukua nyingine siniani mwake, akajichoma kidole cha pili. Tukaanza kungoja upya. Sasa nilimwona paji la uso linang'aa jasho, nikasema ni joto la chumba. Hakikuwa na dirisha la kufunguka. Hilo nalo walilikataa.

"Siku ya kwanza nilipokuonyesha chipu," akasema bila kuniangalia, "ulikaa kimya muda mrefu sana. Nilidhani umesinzia."

"Nilikuwa namfikiria mke wangu."

"Niambie."

Kisa chenyewe chote sikuwa nimewahi kumwambia mtu. "Alishikwa na homa hiihii. Damu yake ikachukuliwa, ikapelekwa mbali huko, kwenye mashine kubwa kama kabati. Yeye wakamweka ndani, mimi wakanizuia mlangoni. Kila nikiuliza jibu linakuja lini, naambiwa litakapokuja. Lilikuja tumeshazika. Likasema anaumwa."

Mkono wa Matone ukasogea juu ya meza, ukasimama karibu na wangu pasipo kuugusa. Mwanya uliobaki ungetosha kupitisha kadi ya karata. Nilisikia joto la mkono ule kwenye mifupa.

Na hapohapo simu yangu ya mfukoni ikalia.

"Mwanangu, chakula kinapoa."

"Mama, nitachelewa. Nimefungiwa kazini."

"Kufungiwa! Umeiba nini?"

"Sijaiba, mama. Kuna mtu amepatikana na homa. Wametuweka ndani tupimwe."

Neno homa halitamkwi ovyo nyumbani kwetu. "Uko na nani humo?"

Nikamtazama Matone. Alikuwa amekaza macho kwangu, midomo imefunguka kidogo, hapumui. Ulimi wangu ukagota njiani.

"Niko na fundi mwenzangu," nikasema.

"Ana watoto?"

"Nani?"

"Huyo fundi mwenzako."

"Hana, mama."

"Masikini. Mwambie anywe maji."

Nilipoweka simu, ule mkono haukuwa tena juu ya meza.

"Fundi mwenzako anashukuru kwa maji," Matone akasema.

"Ungetaka nimwambie nini?"

"Jina langu."

"Ataumia."

"Umemuuliza?"

"Mama mkwe haulizwi mambo kama hayo! Wewe huelewi. Yule mama amezika mtoto."

"Na wewe umejizika pembeni yake ili asijisikie mpweke." Akasimama. Chumba kile kilikuwa kidogo, alipotaka kunikimbia aliweza hatua chache tu, akafika ukutani. "Kila siku nakusikia. Wakubwa hivi, wakubwa vile. Daktari kamuua mke wangu, Mkurugenzi kaninyima kitasa. Sawa, nakubali, wamekufanyia. Na nyumbani kwako, fundi? Mlango wa nyumbani kwako nani aling'oa kitasa cha ndani? Mkurugenzi?"

Nikainama, nikaokota mabaki ya mpira sakafuni.

"Leo jioni wanakuja," akasema, sauti imepungua. "Nikitoka humu bila neno, nitatoka na mume. Kaka amechoka kuniona. Na mimi nimechoka kutazamwa na wewe kupitia kioo."

"Nakupenda," nikasema.

Lilitoka vibaya, kama msumari uliopinda. Matone alifumba macho. Alikuwa amelingoja muda mrefu mno, na nilimwona anavyolipokea, bega moja likishuka, kisha la pili. Lakini alipofumbua macho akatikisa kichwa.

"Hapana. Maneno ya chumbani hayana shahidi. Hilo ni batili. Lirudie mbele ya mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa ameshafika. Kaka yake alikuwa anagonga kioo kwa kiganja, mtu mrefu, shati limenyooshwa kwa ajili ya wageni, barakoa imening'inia sikio moja. Mkurugenzi alikuwa anamvuta mkono naye hamjali. Akanyakua simu ya upande wao. Matone akainua ya kwetu, akaiweka katikati yetu tusikie wote.

"Dada, wageni wako njiani! Unafanya nini humo?"

"Nangoja jibu, kaka."

"Na huyo mzee?"

"Anangoja na mimi."

"Mzee," akaniambia, amebandika paji la uso kwenye kioo, "una nini na dada yangu?"

Mimi si mzee. Mvi zangu nyingi ni vumbi la randa. Lakini niliimeza. "Nampenda. Nataka kumuoa."

Hata Mkurugenzi aliacha kuvuta.

"Wewe?" kaka mtu akasema. "Wewe unayelala nyumba moja na mama mkwe? Dada yangu utamweka wapi, juu ya kabati? Mwanamke mzima aingie kwenye nyumba yenye nguo za marehemu, apikiwe na mama wa marehemu, aulizwe kila asubuhi amelalaje? Nimemwona akilia mara moja alipoachika. Sitaki kumwona tena." Akagonga tena kioo. "Kama ungekuwa mwanamume ungeshakuja mlangoni kwangu ukagonga. Mpaka ufungiwe ndiyo unapata mdomo!"

Kila neno lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilichoma. Nilitaka kumtukana. Badala yake nikatoa simu mfukoni, nikampigia mama, nikafungua sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mama, yule fundi mwenzangu si fundi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Mwanangu, umesema 'hana, mama' kwa sauti ambayo hukuwahi kumsemea fundi. Nani huyo?"

"Ni mwanamke wa hapa kazini. Nataka kumuoa, mama."

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini, maji yakichemka huko jikoni. Mgongo wangu ulikuwa umelowa. Nilijiona mtu mbaya kuliko wote duniani.

"Hizi nguo za mwanangu," mama akasema mwishowe, "unajua kwa nini sijazitoa?"

"Unamkumbuka."

"Namkumbuka hata bila nguo zake. Nilihofia nikizitoa utaona nimekukata undugu. Nikasema nitangoja useme mwenyewe. Kila wiki napiga pasi, mgongo unakatika, nangoja useme."

"Mimi nilikuwa nangoja useme wewe, mama."

"Basi tumekaa wawili wajinga katika nyumba moja." Akapenga kamasi. "Ana afya?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Umesema mnapimwa. Ana afya?"

Hapo ndipo tulipokumbuka. Chipu ya Matone ya kurudia ilikuwa imelala mezani, tumeisahau. Matone aliikaribia kwanza. Akainama, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji, kisha akavuta mtandio wake, akajifunika pua na mdomo, akarudi nyuma mpaka kona ya mbali ya chumba.

"Usinisogelee," akasema.

Safari hii mkwe hakuwamo. Shahidi alikuwapo, amesimama wima. Na chini yake mstari wa pili, mwekundu, haukuhitaji miwani.

"Mama, nitakupigia," nikasema.

Mkurugenzi aliiona kupitia kioo. Akavaa glavu, akaufungua mlango upana wa bega la mtu. Hewa ya nje ikaingia, na sauti za watu, na harufu ya plastiki ya moto.

"Fundi, wewe jibu lako ni safi. Toka haraka. Utakaa chumba kingine peke yako."

"Na yeye?"

"Gari la wagonjwa litakuja kumchukua."

"Linakuja lini?"

"Litakapokuja."

Sijui kama alijua alichosema. Wakubwa hawajui, ndiyo maana wanalala. Mimi niliusikia mlango mwingine kabisa, wa jengo jingine, na nikajiona nimesimama nje yake nimeshika kanga ya mke wangu, naulizia, na mtu aliyevaa glavu ananijibu maneno hayohayo.

"Toka," Matone akasema kutoka kona yake. Macho yake yalikuwa yamejaa juu ya ule mtandio. "Usiwe mjinga. Utanifaa zaidi ukiwa nje."

"Nje nimeshawahi kukaa. Nakujua kulivyo."

"Fundi!"

"Nipe barakoa moja," nikamwambia Mkurugenzi, "na maji ya kunywa, na mashuka mawili. Nitakaa ukuta huu, yeye ukuta ule. Muda wote huu nimevuta hewa yake, kama imeniingia imeshaingia. Gari likifika napanda naye."

"Ukibaki humo mlango naufunga. Sina la kufanya."

"Unalo. Ila funga."

Alinitazama kama anayetazama mashine iliyoharibika. Kisha akapitisha vitu nilivyoomba kwenye ule mwanya, kimoja kimoja, kwa mkono ulionyooka. Nikavaa barakoa. Maji na shuka moja nikavisukuma kwa mguu sakafuni mpaka kwa Matone. Akavichukua bila neno, akajifunika mabega, akaanza kutetemeka waziwazi sasa, kama mtu aliyeruhusiwa.

Simu ya ukutani ilikuwa bado inaning'inia kwa waya wake. Ikatoa sauti. Nikaiokota.

Kaka mtu alikuwa hajaondoka kwenye kioo. Lile shati la wageni lilikuwa limelowa kifuani. Aliangalia kona alikoketi dada yake, akaniangalia mimi.

"Umeona kwa macho yako," nikamwambia. "Nisije nikaambiwa kesho sikusema mbele ya mtu."

"Nimeona." Akameza mate. "Wageni nawapigia warudi walikotoka. Mimi nasimama hapa mlangoni. Hiki kitasa hashiki mtu mwingine. Gari likifika nafungua mimi, hata huyu bwana akatae." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Shemeji, mwambie anywe maji."

Nikageuka kumwambia. Alikuwa amesikia. Juu ya mtandio macho yalikuwa yanacheka na kulia kwa pamoja, na sijui kama kuna kitu kingine nilichowahi kukitazama namna ile bila kioo katikati.

Kaka akavuta kitasa, mlango ukajibana. Nikapitisha kiganja pembezoni mwa fremu, juu, kisha chini. Hapakuwa na upepo, wala mwanya wa kupitisha vumbi. Nikaketi, mgongo ukutani.

"Umekaza kweli," Matone akasema kutoka upande wake, meno yakigongana. "Nani kautengeneza?"

"Fundi mwenzako," nikamjibu.